Mjerumani Hakuacha Kitu Hapa

Sitataja jina la kijiji. Nitasema tu kwamba kiko ng'ambo ya mto ukitokea Ifakara: unavuka Daraja la Magufuli, unaiacha barabara ya Mahenge, kisha bodaboda inakupeleka mpaka mpunga unapoishia na magugu yanapoanza. Nikikitaja leo, keshokutwa kuna watu watatu na mashine.

Mahali penyewe ni mahame ya upande wa mama. Bibi alizaliwa pale, akaolewa pale, na mwaka 1974, Operesheni Vijiji ilipofika, akahamishwa pale pamoja na majirani wote. Mashamba yakabaki. Kinachoonekana leo ni miembe sita iliyosimama mstari, na makaburi mawili ambayo bibi alituonyesha kwa fimbo kabla hajafa, kwa sababu hayana alama yoyote.

Mwezi wa nane mwaka jana, mto ukiwa umerudi kwenye kingo zake, nilimkuta mjomba chini ya mwembe wa tatu. Alikuwa na vijana wawili kutoka mjini. Vijana walikuwa wenye mashine, mjomba alikuwa mwenye ardhi. Makubaliano yao yalikuwa nusu kwa nusu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, profesa. Umekuja siku nzuri. Leo tunampata Mjerumani."

Mimi si profesa. Nasoma shahada ya uzamili ya akiolojia, na mjomba anaujua utani wake.

Mashine hizi si uchawi. Ina mpini mrefu, sahani ya duara chini, na spika za masikioni. Sahani inatuma usumaku ardhini, metali iliyofukiwa inaujibu, na mashine inaligeuza jibu hilo kuwa mlio. Haijui dhahabu ya nani wala msumari wa mwaka gani. Inalia tu, na mtu anachimba.

Mpaka jua linazama mashimo yalikuwa kumi na moja. Vilivyotoka: vizibo vya soda, kipande cha bati, nati ya trekta, maganda mawili ya risasi, hela moja ya shaba nyekundu, na jembe. Jembe lile halikuwa la dukani. Lilikuwa jembe la kufuliwa, jani pana lenye mkia mwembamba wa kuchomeka kwenye mpini, kutu imelila pembeni. Hela ilikwenda mfukoni mwa kijana mmoja. Maganda nikapewa mimi. Jembe mjomba aliligeuzageuza mara mbili.

"Hili la nani?" nikauliza.

"La watu tu," akasema, akalirusha kwenye magugu.

La watu tu. Ninaandika makala hii kwa sababu ya maneno hayo matatu.

Hadithi ya mali za Mjerumani huhitaji kusimuliwa, umekua nayo. Mjerumani alishindwa vita, akakimbia, na kabla ya kukimbia akafukia masanduku ya dhahabu. Aliweka alama kwenye mawe, akapanda mti wa kukumbukia, akaacha ramani kwa mjukuu wake, ambaye siku moja atakuja na gari lenye vioo vyeusi. Hadithi hii iko Mbeya, iko Tanga, iko Mahenge. Kuna waganga wanaokula kuku weusi kwa ajili yake, na kuna familia zilizouza ng'ombe ili kukodi mashine. Watu wanachimba chini ya bikoni za wapima ardhi wakidhani ni alama ya hazina.

Nasema wazi: katika bonde la Kilombero hadithi hii haisimami hata kwa mguu mmoja. Tazama Mjerumani mwenyewe alivyokuwa. Sarafu yake ya dhahabu iliyo maarufu kuliko zote, ya rupia 15 yenye picha ya tembo, ilipigwa Tabora mwaka 1916 kwa sababu meli za Waingereza zilikuwa zimeziba bahari na fedha haikuweza kuingia kutoka Ulaya. Hapohapo Tabora walipiga hela za shaba ya njano kwa kuungaunga. Kufikia 1917 noti zao walikuwa wanazigonga kwa mihuri ya mpira. Majeshi yake yaliishikilia Mahenge kwa sababu moja kubwa, chakula: mpunga na nafaka za watu wa bonde na wa mlimani. Oktoba 1917 Wabelgiji wakaichukua Mahenge. Mwishoni mwa Novemba kikosi cha Kapteni Tafel, kilichotokea huko huko Mahenge, kikajisalimisha karibu na Ruvuma kwa njaa. Serikali inayogonga noti kwa mihuri ya mpira haina masanduku ya dhahabu ya kufukia chini ya mwembe wa bibi yangu.

Mjerumani alikuwa mchukuaji. Kule Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913 alichimba zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria, akaibebesha watu kichwani hadi pwani, akaipeleka Berlin, na huko iko mpaka leo. Hapa bondeni alichukua kodi ya kibanda, rupia 3 kwa mwaka, kuanzia 1898. Alichotuachia ni jina la fedha: hela, kutoka heller yake ya 1904. Kila unaposema huna hela unataja sarafu aliyoileta ili upate cha kumlipa.

Basi kama Mjerumani hakuacha kitu, mashine inalia kwa ajili ya nani?

Inalia kwa ajili ya watu tu.

Agosti 1905 vita vya Maji Maji vilifika bonde hili. Kikosi kidogo cha askari waliokuwa Ifakara kilishambuliwa na kuuawa. Tarehe 30 Agosti maelfu ya Wapogoro, Wambunga na wenzao waliikabili boma ya Mahenge, na bunduki za rashasha zikawafyeka kwenye mteremko. Kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko vita. Wajerumani waliamua kuwashinda watu kwa njaa: wakachoma vijiji, wakachukua au kuteketeza nafaka, wakazuia kulima. Maofisa wao walikiri vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi kati ya hao hawakufa kwa risasi. Walikufa wakiwa wamekaa kwenye mashamba ambayo hayakupandwa.

Unapokuta jembe zima la kufuliwa limefukiwa kwenye mahame ya Kilombero, swali la kwanza linapaswa kuwa: nani huacha jembe lake? Jembe la chuma lilikuwa mali. Sehemu nyingi za bara lilitolewa kama mahari, lilibadilishwa kwa mbuzi na kwa nafaka. Mtu halisahau shambani kama anavyosahau kofia. Huenda lilifichwa, huenda lilizikwa na mwenyewe, huenda mwenye nyumba alikimbia usiku na hakurudi. Jibu lilikuwa ndani ya lile shimo: kina chake, rangi ya udongo, majivu kama yalikuwepo, mfupa kama ulikuwepo. Shimo lilichimbwa kwa dakika kumi, likafukiwa kwa mguu.

Kisha ikaja 1914. Vita ile ya Wazungu ilibebwa kichwani na Waafrika. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kwa hao wapagazi, Carrier Corps ya Waingereza, na Wajerumani nao walikuwa na wa kwao, wengi wao wakikamatwa tu mashambani. Walikufa kwa kuhara, kwa malaria, kwa kutembea. Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, waliokufa wakiitumikia Uingereza katika vita ile hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikakiri pia kwamba idadi inaweza kufikia 350,000. Ofisa mzungu aliyezikwa Morogoro ana jiwe lenye jina lake. Mpagazi aliyeangukia njiani bondeni ana nini? Pengine bangili ya shaba, pengine kopo la bati, pengine kifungo cha nguo aliyogawiwa. Yaani ana vitu vile vile vinavyoifanya mashine ilie. Kwa watu hao kifungo kilichokaa mahali pake ndilo jiwe la kaburi, na sisi tunaling'oa tukitafuta dhahabu ya bosi wao.

Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi vijijini kuwahoji wazee walioviona vita vya Maji Maji. Walikwenda na madaftari, wakaandika, na kwa sababu yao tunajua mengi ambayo Wajerumani hawakuyaandika. Lakini mtu aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1905 hayupo tena popote duniani. Shahidi wa kwanza, yaani mzee, amekwisha. Amebaki shahidi wa pili, yaani udongo. Na udongo una tabia moja ambayo mzee hakuwa nayo: ukishauhoji vibaya, haurudii maelezo yake.

Sisemi haya kama mtu msafi. Nyumbani nina kopo la maziwa lenye maganda ya risasi kumi na saba. Nimepewa na mjomba, na majirani, na watoto waliotaka biskuti. Niliyakusanya miaka mitatu, nikijisifu kwamba nayaokoa. Kadhaa ni ya bunduki ya Mauser ya 1871, ambayo askari wengi wa Mjerumani walikuwa nayo bado vita vya 1914 vilipoanza. Bunduki hiyo ilikuwepo Maji Maji, na ilikuwepo vita ile nyingine. Matako ya maganda yangu yameliwa na ukoko wa kijani, herufi na tarehe hazisomeki. Basi ganda lililoko mkononi mwangu ni la 1905 au la 1917? Alimpiga nani, Mpogoro mwenye mkuki au Mbelgiji mwenye bunduki? Kama ningejua lilikuwa wapi, limeelekea wapi, na wenzake walikuwa umbali gani, ningejibu. Sijui. Nilicho nacho ni kopo la shaba chakavu na cheti cha kusomea kazi ambayo nimejizuia mwenyewe kuifanya.

Kwamba inawezekana kufanya vizuri, tunajua. Huko Montana, Marekani, mwaka 1983 moto uliteketeza nyasi za uwanja wa vita wa Little Bighorn, ambako Walakota na Wacheyenne walilimaliza kundi la Custer mwaka 1876. Mwaka uliofuata wanaakiolojia hawakuwafukuza wenye mashine, waliwaita. Wakawapanga mstari, wakapita uwanja mzima hatua kwa hatua, na kila mashine ilipolia wakachomeka bendera ndogo, wakapima, wakaandika, ndipo wakachimba. Kwa kulinganisha alama ambazo kila bunduki huacha kwenye ganda, waliweza kufuata bunduki moja moja ikihama kutoka sehemu hadi sehemu. Picha iliyotoka iliunga mkono mambo mengi ambayo wenyeji walikuwa wakiyasema kwa miaka mia moja na wazungu hawakuyaamini. Mashine ni zile zile. Kilichoongezeka ni bendera na daftari.

Sasa nigeukie upande wa pili, kwa sababu ni rahisi sana mtu wa chuo kumsema mjomba wake na kwenda kulala.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964. Inakataza kuchimba kutafuta masalia bila leseni, na hilo ni jema. Lakini masalia inayoyalinda moja kwa moja ni yaliyotengenezwa Tanzania kabla ya mwaka 1863. Rudia kuusoma mwaka huo. Maji Maji ni 1905. Vita vya Kwanza vya Dunia ni 1914 hadi 1918. Sheria hiyo hiyo inaulinda mlango wa kuchongwa wa pwani hadi ule wa kabla ya 1940, jambo ambalo silipingi, milango ni mizuri. Lakini ganda la risasi lililomuua babu wa mtu kwenye mteremko wa Mahenge, kwa kuwa lilitengenezwa Ulaya na ni la baada ya 1863, haliingii kwenye tafsiri ya masalia. Ndiyo, waziri ana mamlaka ya kutangaza mahali au kitu kuwa kinalindwa. Lakini ulinzi unaosubiri tangazo kwa kila shamba ni mwavuli uliofungiwa kabatini. Mwaka 1964 mstari ule ulikuwa miaka 101 nyuma. Tungeusogeza kwa mwendo huo huo, leo wapagazi wote wa 1917 wangekuwa ndani yake.

Na sisi wa vyuoni? Tunakwenda Olduvai, tunakwenda Kilwa, tunakwenda Kondoa, kwa sababu huko kuna majina, kuna fedha za utafiti na kuna wageni. Mahame ya Wandamba na Wapogoro hayana mnara wala mchoro. Mtu anayeyatembelea mara kwa mara ni mwenye mashine. Tumemwachia uwanja, kisha tunamshangaa kucheza peke yake.

Nilimwambia mjomba mengi ya haya jioni ile, tukirudi. Hakukasirika. Alisimama, akaegemea jembe lake la dukani.

"Mpwa wangu, mifupa ya Lindi iko wapi?"

"Berlin."

"Na mikuki ya Maji Maji?"

"Mingine Berlin pia, makumbusho."

"Nani kafungwa?"

"Hakuna."

"Basi mimi na kijiko changu cha bati uniache."

Swali lake ni zito, na tukilikwepa hatuna haki ya kuendelea kuzungumza. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea na kuomba radhi. Radhi ni jambo zuri, lakini haikurudisha mkuki hata mmoja Kilombero. Mjomba anajua kwamba mwizi mkubwa huombewa hotuba na mwizi mdogo huitiwa polisi.

Lakini mjomba anakosea mahali pamoja, na mahali hapo ndipo hoja yote ilipo. Tunapodai vitu vyetu Berlin, swali tunaloulizwa kwanza ni: vilichukuliwa wapi, kwa nani, lini? Vingi vimekaa stoo zaidi ya miaka mia, na watafiti wanahangaika kuvijibia, kwa sababu aliyevichukua aliandika nusu mstari tu au hakuandika kabisa. Hasira yetu kubwa kwao ni kwamba walivitenga vitu na mahali pake na watu wake. Na hilo hasa ndilo tunalojifanyia wenyewe chini ya mwembe wa tatu, kwa nusu kwa nusu. Mjerumani angalau alibandika karatasi yenye namba. Sisi tunarusha kwenye magugu.

Wapo watakaosema: watu wana njaa, wewe unaleta mambo ya udongo. Nakubali kwamba mjomba ana shida. Ana watoto wanne na ekari tatu za mpunga ambazo mto huzichukua ukitaka. Ila niambieni ni njaa gani imewahi kushibishwa na mali za Mjerumani. Hela ile ya shaba ni sarafu iliyopigwa kwa mamilioni. Kijana wa mjini hakupata kwayo hata bei ya kurudishia mafuta. Anayekula ni mwenye kukodisha mashine na mganga. Kama kweli tunamhurumia maskini, tuanze kwa kumwambia ukweli kwamba anatapeliwa.

Kisha tumpe kazi. Uingereza ilitunga sheria mpya ya hazina mwaka 1996, na mwaka uliofuata ikaanzisha utaratibu wa kuwapokea wenye mashine: leta ulichokipata, sema ulikipata wapi, kitaandikwa, na kikiwa hazina kwa mujibu wa sheria, wewe na mwenye shamba mnalipwa. Zaidi ya vitu milioni moja vimeandikwa hivyo. Mwaka 2009 mtu mwenye mashine alikuta shambani, Staffordshire, hazina ya dhahabu iliyonunuliwa na makumbusho kwa zaidi ya pauni milioni tatu, akagawana na mkulima. Sisi si Uingereza, na utaratibu wao una walalamikaji wake. Lakini daftari, kamera ya simu na vipimo vya setilaiti vilivyomo ndani ya simu hiyo hiyo si anasa ya Uingereza. Kijana wa mjini alikuwa navyo vyote mfukoni siku ile.

Ninachodai ni vitu vitatu. Mwaka 1863 usogezwe, ili vita viwili vilivyoliumba bonde hili viingie kwenye sheria. Vyuo vitume wanafunzi mahameni kama vilivyotuma mwaka 1968, safari hii na bendera ndogo. Na wenye mashine waandikishwe, wafundishwe, walipwe posho ya siku kama wanavyolipwa wanaohesabu mbu huku kwetu Ifakara, ambako utafiti wa malaria umewaajiri watoto wa wakulima kwa miaka mingi na hakuna anayeona ajabu. Mtu aliyeweza kufundishwa kumtambua mbu kwa miguu yake anaweza kufundishwa kupima kina cha shimo.

Asubuhi nilirudi kutafuta jembe. Nililikuta, limelala kwenye magugu yenye umande. Nikampelekea mjomba, nikamwomba anionyeshe lilikotoka. Akasimama katikati ya mashimo kumi na moja yaliyofukiwa, akanyoosha kidole kwenye moja, akasita, akanyoosha kwenye jingine, kisha la tatu karibu kabisa na makaburi. Akashusha mkono.

Nikatoa daftari, nikaandika: jembe la kufuliwa, shimo halijulikani.

Mjomba akachungulia. "Na ningekuwa nimeandika jana," akauliza, "ningelipwa shilingi ngapi?"

Hakuwa anatania. Nami sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu mwenye jibu hilo ni yule anayepanga bajeti, na hajawahi kuvuka mto kuja kuulizwa.